Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: kabla hamjatuita semina nyingine, njooni leba usiku

Wakubwa zangu, shikamooni.

Hii barua naiandikia nyie wote mnaokaa kwenye meza ambazo barua za mafunzo zinatokea, yaani waganga wakuu wa wilaya na mikoa, waratibu wa afya ya uzazi na mtoto, makatibu wa afya, maafisa utumishi wa halmashauri, na nyie wadau mnaoleta hela za semina. Mi ni muuguzi mkunga, huu mwaka wa 11 niko leba, kituo cha afya cha serikali. Kituo gani nitakiacha, maana shida ninayoisema haiko kwetu peke yetu na sitaki mtu mmoja aonekane ndo mbaya wakati ni mazoea yetu wote.

Nianze na usiku mmoja. Ilikua mwezi wa nne, mvua inapiga, niko zamu ya usiku peke yangu na dada mmoja mhudumu, leba kuna akina mama watano, wanne uchungu umeshakolea na mmoja ndo kwanza kaja njia ya uzazi imefunguka sentimita 3. Kwenye saa nane na nusu hivi mama mmoja akajifungua salama lakini damu ikawa haikati, basi nikawa naye huyo, oksitosini ya kukata damu, dripu, mkono tumboni nakanda mfuko wa uzazi usinyae, dada mhudumu anakimbia huku na huku, na mda wote huo kitanda cha mwisho kuna mama alikua kimya tu anauma kanga yake, na ule ukimya wake ndo ulionipoteza kwa sababu wanaopiga kelele ndo unawakimbilia. Nilipomfikia mapigo ya mtoto yalikua yameshashuka. Tukampigia daktari akaja mbio, lakini mtoto alitoka hakulia, tukahangaika naye na ambu, kile kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, mpaka mikono ikachoka, hakurudi. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, nesi, alikua wa kike au wa kiume? Hilo swali nnalo mpaka leo.

Wiki mbili baadae kikakaliwa kikao cha kupitia vifo, na mimi navithamini vile vikao, vimewekwa ili kifo cha leo kituzuie cha kesho. Faili likafunguliwa, patografu, ile fomu ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto, ikakutwa imejazwa mistari miwili ya juu, chini kweupe. Kwenye sababu wakaandika "uelewa mdogo wa mtoa huduma". Kwenye mapendekezo wakaandika "watoa huduma wapewe mafunzo ya matumizi ya patografu". Hakuna aliyeniuliza ule usiku tulikua wangapi, wala ile damu ya kitanda cha pili haikutajwa kabisa kwa sababu yule mama alipona na faili lake halikua mezani.

Basi semina ikaja kweli, siku tano, ukumbi wa lodge mjini. Siku ya kwanza asubuhi tukapewa ule mtihani wa kabla ya mafunzo, pritesti. Nikapata 19 kwa 20. Meza niliyokaa hakuna aliyepata chini ya 16. Siku ya mwisho tukapewa karatasi ile ile nikapata 20, ripoti ikaenda juu kwamba uelewa wa washiriki umeongezeka.

Wakubwa zangu, jibu lilikua pale mezani siku ya kwanza kabla hata ya chai ya saa nne. Wale watu ambao wodini hawajazi patografu, wote wanajua kuijaza! Hapo ndo alitakiwa mtu mmoja asimame aseme jamani hebu tusubiri, kama wanajua na hawafanyi basi kuna kitu kingine kinawazuia, twende tukakitafute. Badala yake tukafundishwa tunachokijua, na kituoni tulikua tumetolewa wakunga wawili kati ya watano, waliobaki wakawa wanaunganisha zamu, kwahiyo wiki ile ile ya semina ya patografu ndo wiki ambayo leba yetu patografu zilikua tupu kuliko wiki zote.

Naomba tupige hesabu pamoja, taratibu, maana nahisi haijawahi kupigwa mezani kwenu. Patografu inataka mapigo ya mtoto kila nusu saa na unasikiliza dakika moja nzima. Inataka uchungu uhesabiwe kila nusu saa, na uchungu unahesabiwa ndani ya dakika 10, mkono uko juu ya tumbo, macho kwenye saa, unahesabu umekuja mara ngapi na kila mmoja umekaa sekunde ngapi. Inataka na mapigo ya mama mwenyewe kila nusu saa. Presha na kupima njia kila masaa manne. Mama mmoja kwahiyo anakula dakika 11 au 12 za kila nusu saa, ukiwa mwepesi, ukiwa hujaitwa popote. Akina mama wanne ni dakika 45 kwenye nusu saa ambayo ina dakika 30. Na hapo hujanawa mikono, hujabadilisha glavu, hujaandika hata namba moja, hujazalisha mtu, hujapokea anayegonga mlango, hujaongea na ndugu waliokaa nje. Ongezeni semina zingine kumi, nusu saa itabaki na dakika zake 30.

Sasa mkunga anafanyaje? Anachagua. Anaacha kalamu anashika mama, na mi nasema anachagua vizuri. Alafu asubuhi kabla ya kukabidhi zamu anakaa kwenye kiti anaijaza yote kwa mkupuo, kwa kukumbuka na kwa kukisia, mapigo 140, 138, 142, mstari umenyooka vizuri kama umepigwa rula. Nami nimeshafanya hivyo, nakiri mbele yenu. Na sikuwahi kuulizwa chochote kwa hizo patografu nzuri za uongo. Nilizoulizwa kwa barua ni zile nilizojaza ukweli, zile zinazoonyesha kwamba mapigo yalisikilizwa saa sita alafu yakasikilizwa tena saa nane, "toa maelezo kwa nini hukufuata mwongozo". Yaani anayeandika ukweli anapata barua, anayebuni anapata tiki kwenye cheklisti ya usimamizi. Mtu akifanya kazi mahali kama hapo mwaka mmoja tu atakua ameshajifunza, ila alichojifunza sicho mlichotaka, na amejifunza bila posho na bila ukumbi.

Hapa ndo kiini cha barua yangu. Kazi isipofanyika vizuri sababu zinakua nyingi na kutokujua ni moja tu kati ya hizo. Inawezekana mtu hajui. Inawezekana anajua ila hana kitu cha kufanyia. Au watu ni wachache. Au hajawahi kuambiwa wazi kipi kinatangulia pale ambapo vyote haviwezekani. Au akifanya vizuri hakuna anayeona na akifanya vibaya hakuna anayeona mpaka mtu afe. Au akifanya vizuri ndo anaadhibiwa, kama nilivyowaeleza. Mafunzo yanatibu ile ya kwanza tu. Nyie wenyewe ni watu wa tiba, mgonjwa akija na homa hamuandiki dawa ya malaria kabla ya kipimo, mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ipo, dakika 15 mpaka 20 majibu unayo, tumekatazwa siku nyingi kutibu malaria kwa kuhisi. Kwa wafanyakazi wenu mbona mnahisi?

Nimeona inavyofanyika kwa usahihi, mara moja, na ndo iliyonipa nguvu ya kuandika. Kuna mama mmoja mratibu alihamia kwetu, jina lake namhifadhia. Alikuta mapendekezo ya semina yameshaandikwa yanasubiri saini. Hakusaini. Akaja kituoni siku ya kawaida akaomba mafaili ya leba ya miezi mitatu, akakaa chini kwenye mkeka kwenye chumba cha kumbukumbu akawa anayapanga mafungu mawili, waliojifungua mchana huku, waliojifungua usiku huku. Fungu la mchana patografu nyingi zimejazwa. Fungu la usiku nyingi tupu. Akaangalia saini, wakunga ni wale wale. Akatuuliza, kwani nyie mkunga akiingia usiku anasahau alichosoma chuo?

Alafu akafanya ambacho miaka yote sijaona mkubwa akifanya, akaja usiku. Akakaa leba kuanzia saa tatu mpaka asubuhi, hana cheklisti, ana daftari tu. Alichokikuta ni hiki. Fomu za patografu zilikua zimefungiwa stoo na funguo anaondoka nayo mtu wa mchana, usiku tukiishiwa tunachora kwa mkono nyuma ya karatasi nyingine. Kile kifaa cha betri cha kusikilizia mapigo ya mtoto betri zimekufa tangu hatujui lini, na fetoskopu, ile ya kusikilizia mapigo kwa sikio, iko moja. Mashine ya presha inabebwa wodi ya wazazi inarudi inabebwa tena. Taa ya kitanda cha mwisho imeungua. Na ukutani leba hakuna saa. Naomba mlisome tena hilo, kifaa ambacho kila mstari wake unataka muda, chumba kinapojazwa hakina saa, tulikua tunatumia simu zetu na simu usiku iko kwenye chaji nje au umeme umekatika imezima.

Saa ya ukutani aliinunua mwenyewe sokoni, elfu 15. Fomu zikahamishiwa droo ya leba. Betri zikawekwa kwenye manunuzi ya kila robo kwa hela ya kituo, maana vituo siku hizi vinapokea hela moja kwa moja na tunaweza kupanga wenyewe. Kwenye rota, yaani ratiba ya zamu, akakaa na mfawidhi, mkuu wa kituo, na sisi wote tukabishana siku nzima, mwisho ikakubalika kliniki ya mchana ipungue mtu mmoja ili usiku leba wawe wakunga wawili, siyo siku zote, zile siku ambazo daftari linaonyesha wajawazito wanakua wengi. Na akatuambia kitu ambacho hakijaandikwa popote, kwamba mkizidiwa msijaze yote nusunusu, mapigo ya mtoto ndo ya kwanza kwa kila mama, na pale mlipochelewa andikeni mmechelewa na sababu, sitamuandikia mtu barua kwa ukweli. Aliishika hiyo ahadi. Patografu zikaanza kuwa na maandishi ya usiku, mengine yana madoa ya jasho, mengine yamepinda, lakini ya kweli. Hakuna aliyepelekwa semina hata mmoja.

Alihamishwa baadae na vitu vingine vikarudi nyuma, saa bado ipo.

Najua mtasema huyu anapinga mafunzo. Hapana, hata kidogo. Kuna mda mafunzo ndo dawa yenyewe. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu ambayo kipindi cha uchungu mkali kinaanza kuhesabiwa njia ikiwa sentimita 5, wakati sisi chuo tulifundishwa 4, na ndani yake kuna vitu ambavyo fomu ya zamani haikuwa navyo, kama mama ana mtu wa kumsindikiza na kama anakunywa. Sasa hilo ni jipya, ukiniletea hiyo fomu bila kunifundisha utakua umenionea. Na kijana wa ajira mpya ambaye chuo alishika ambu mara mbili kwenye mdoli, huyo mfundisheni tena na tena. Ninachoomba ni mjue tofauti kabla ya kutoa hela.

Na hata pale mafunzo yanapohitajika bado kuna swali la mafunzo gani. Nchi yetu Tanzania ina ushahidi wake wenyewe. Hospitali ya Haydom kule Mbulu, Manyara, wahudumu walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, ile programu ya Helping Babies Breathe. Baada ya miezi 7 wakapimwa, kwenye mdoli wamekua wazuri kuliko mwanzo, wodini kwa watoto wenyewe hakuna kilichobadilika. Wangeweza kuishia kuandika "mafunzo yarudiwe". Badala yake mdoli ukaletwa kazini, mazoezi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki pale pale kazini, na ya dakika 40 kila mwezi, na vifo vya watoto ndani ya masaa 24 ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watu wale wale. Walichokosa ni mikono kuzoea, na mikono haizoei ukumbini ukiwa na soda mezani.

Kuna na la Arusha ambalo linanikaa sana kichwani. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walikua wanakaa na matabibu wakiangalia wanavyohudumia wagonjwa wa nje. Mtafiti akishaingia chumbani huduma inapanda hapo hapo, maswali yanaulizwa, mgonjwa anapimwa kama kitabu kinavyotaka, alafu baada ya wagonjwa kama 10 mpaka 15 tabibu anamzoea mgeni na huduma inarudi ilipokua. Pale katikati hakuna aliyemfundisha yule tabibu chochote. Ule ujuzi aliokua anautumia kwa wagonjwa wale wa kwanza alikua nao jana yake na juzi yake. Mtu kama huyo ukimuandikia "uelewa mdogo" umemkosea yeye na umewakosea wagonjwa wake zaidi, maana tatizo lao litabaki hapo hapo.

Niseme na la posho maana tukilikwepa tutakua tunadanganyana. Semina inapendwa, na sisi wa chini tunaipenda pia, mshahara ukiisha tarehe 15 siku tano za posho zinalipa ada ya mtoto. Kwenu nako semina ni rahisi kuifunga, ina tarehe, ina picha, ina karatasi ya mahudhurio, hela inaonekana imetumika, wakati kubadilisha rota au kugombana na mtu wa stoo hakuna picha yake. Nawaelewa. Ila matokeo yake ni kwamba anayeitwa mara nyingi ni yule ambaye zamu yake imeangukia vizuri au anayejulikana, na kijana mpya ambaye kweli hajui anabaki wodini peke yake kushika zamu za waliokwenda kufundishwa wanachokijua. Hili linaumiza na linaua.

Ninachoomba hakihitaji fungu jipya la bajeti. Kabla pendekezo la mafunzo halijasainiwa, mtu mmoja aje aone kazi yenyewe ikifanyika, kwenye saa ile ambayo inaharibika, siyo saa nne asubuhi mkiwa mmetoa taarifa na sisi tumeshadeki. Aandike ni kitu gani hasa hakifanyiki, nani hafanyi, lini, maana "uelewa mdogo" na "uzembe" hayo ni majina tu, hayakuonyeshi cha kushika. Alafu ajiulize swali moja, huyu mkunga nikimpa mama mmoja, kitanda kimoja, fomu ipo, saa ipo, betri nzima, ataijaza patografu vizuri? Kama hawezi, mfundisheni, na mfundishieni hapo hapo. Kama anaweza, basi acheni kumfundisha, tafuteni kinachomzuia, na mkikipata kiandikeni kwenye mapendekezo kwa jina lake halisi hata kama jina hilo ni rota iliyopangwa na ofisi yenu. Na pritesti mkishatoa, zisomeni kabla ya chai. Kama ukumbi mzima umefaulu, fungeni semina siku hiyo hiyo, turudisheni vituoni, wala sitadai posho ya siku nne zilizobaki.

Kwenye kupima utendaji nako naomba. Tangu enzi za OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mpaka sasa tuko kwenye PEPMIS, ule mpya, tunajaza malengo na majukumu, lakini sijawahi kuona pahala pa kuandika nilizuiwa na nini. Hata mstari mmoja tu ungetosha, mkunga aandike "betri", mwenzake wa kituo kingine aandike "betri", mtaalamu wa maabara huko aandike anachokijua yeye, mngekua na ramani ya shida za wilaya nzima bila kumlipa mtu nauli.

Na kwa wale mnaokaa vikao vya kupitia vifo, naomba mfungue na mafaili ya waliopona usiku ule ule. Yule mama wa kitanda cha pili ndo maelezo ya kitanda cha mwisho. Mkiyasoma mawili pamoja mtaona nilikua wapi.

Wiki ijayo niko zamu ya usiku kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Yeyote kati yenu anayeweza aje, asitoe taarifa, aingilie geti la nyuma maana la mbele tunafunga saa mbili, mlinzi nitamwambia. Avae viatu vya kufunika vidole, leba sakafu inakua mbichi. Kiti kipo kimoja, nitampa.

Ni mimi,
mkunga wa zamu.